Pua ya Kituo cha Maziwa

Jumatatu, 8 Februari

Sinusi kitu. Haya, nimeliandika. Leo ni siku ya kumi na moja na hakuna anayejua, hata mama.

Korona ilipita nyumbani bila hodi. Sote tuliumwa, sote tukapona, wenzangu wakarudishiwa pua zao. Mimi bado. Ulimi nao umelala — ndimu naila kama maji.

Ingekuwa kazi nyingine, si neno. Lakini kazi yangu ni kunusa! Kituo cha kukusanyia maziwa, dirisha la mapokezi. Mtu analeta ndoo, nafungua kifuniko, nashusha barakoa, nanusa. Yakiwa mazuri nasema "pita", yanapimwa uzito na kumiminwa kwenye tangi. Yakiwa yamechacha nasema "rudi". Ndoo moja mbovu inatosha kuharibu tangi zima. Mashine ya kupimia ipo. Imefunikwa kitambaa, inamsubiri fundi tangu mwaka jana.

Bosi aliniambia siku ya kwanza: nimeajiri pua, hayo mengine ni nyongeza. Majaribio yangu yanaisha mwisho wa mwezi. Shangazi ndiye aliyeniombea nafasi. Alimwambia bosi kwamba nilipokuwa mdogo nilinusa uji ukiungua kwa jirani. Ni kweli, nilinusa.

Leo ndoo arobaini na moja. Nimepitisha arobaini. Moja nimeirudisha, maana pua isiyokataa kitu itatiliwa shaka. Nilichagua ya Mama Pacha kwa sababu alikuwa anapiga miayo.

Sijisikii vizuri.

Jumanne, 9 Februari

Mama Pacha amerudi, na pacha wote wawili, mmoja mgongoni, mmoja mkononi. Amesema maziwa yale wameyanywa kutwa nzima na mbona hawajafa. "Haya binti, wanuse na hawa, labda nao wamechacha!" Foleni ikaangua kicheko. Mimi nikajifanya nasoma kifuniko. Hakijaandikwa kitu.

Akadai ndoo ya leo inuswe na Mzee Mizani. Huyu ndiye anayepima uzito. Kabla yangu alinusa miaka kumi na tisa, na palipo na ubishi neno lake ndilo la mwisho. Alikuja, akainama, akafumba macho kama anasali.

"Safi."

Mama Pacha alinitazama mpaka nikatamani kuingia ndani ya tangi.

Nyumbani kaka amesema nimekuwa mtu mwema siku hizi, sivisemi tena viatu vyake. Nimemwambia nimekua.

Jumatano, 10 Februari

Nimepata njia. Ndoo yoyote ninayoitilia shaka, namwita Mzee. Na mimi naitilia shaka kila ndoo. Leo nimejizuia, nimemwita mara kumi na tatu tu. Zote safi! Mara ya kumi aliuliza kama nina tatizo. Nikasema najifunza kwako, babu. Akakohoa kidogo — bado ana kikohozi cha korona, yeye nami tuliumwa wiki ile ile — akasema vizuri, mjukuu wangu.

Ile ndiyo pua yenye huruma.

Alhamisi, 11 Februari

Tangi limerudishwa. Lote! Kiwandani walifungua, wakafunga, wakamwambia dereva ageuze. Dereva anasema njia nzima ameendesha vioo vikiwa wazi.

Bosi hakupiga kelele. Hilo ndilo baya zaidi. Amesema kuanzia kesho kila ndoo itanuswa na watu wawili, mimi na Mzee, na pua itakayopitisha mbovu itakwenda nyumbani na mwenyewe. Mzee amebakiza miezi mitano astaafu. Alilisema hilo baadaye, taratibu, kama anaiambia mizani.

Jioni nimejaribu tena. Kitunguu saumu. Mafuta ya taa. Viatu vya kaka, ndani kabisa.

Wapi!

Ijumaa, 12 Februari

Saa mbili kasoro. Naandikia stoo, nimekalia ndoo tupu.

Tulianza saa moja. Vichwa viwili juu ya ndoo moja. Nikanusa, nikamsubiri. Naye akanusa, akanisubiri.

"Unaonaje, mjukuu?"

"Tangulia wewe, babu. Mkubwa ni mkubwa."

"Ah! Pua ni za vijana."

Mtu kwenye foleni akauliza kama tunanusa au tunayaombea dua.

Sita zikapita hivyo hivyo, kwa kusukumiana heshima. Ya saba ilikuwa ya Fundi Cherehani, mwenye ng'ombe mmoja na maneno mengi. Leo hakuwa na neno. Nilipofungua kifuniko foleni ilirudi nyuma hatua mbili. Wote kwa pamoja, kama waliopigiwa filimbi! Mama Pacha aliwaziba watoto pua kwa mikono yote miwili, yake akaifukia begani. Fundi Cherehani mwenyewe alikuwa anatazama juu ya paa.

Tuliobaki pale pale ni wawili.

Mzee akainama, akafumba macho. "Safi," akaninong'oneza.

Nikamtazama. Akafumbua macho. Akaona foleni ilipofika, kisha akaniona mimi nilipo. Mkono wake ukashika ukingo wa ndoo, ukabaki hapo. Tangu lini, babu? Sikuuliza. Naye hakuniuliza.

Bosi akatoka ofisini ameziba pua juu ya barakoa. Ndoo inaoza mezani na hakuna aliyesema rudi! Akauliza ni pua ipi kati ya hizi haifanyi kazi. Haijamjia kwamba zinaweza kuwa mbili. Anataka jina moja. Ametupa dakika tano tukubaliane, naye amesimama pale pale akitazama saa.

Mimi nikakimbilia huku.

Mzee yuko nje ya mlango. Naviona viatu vyake kwa chini. Hajabisha. Hajaniomba kitu. Anakohoa tu, polepole, ili nijue yupo.

Shangazi atanimaliza.

Nimeshasimama, ndiyo maana mwandiko umekuwa hivi. Daftari, sikiliza. La kwangu naenda kulisema mwenyewe sasa hivi, usihangaike nalo. La Mzee hujalisikia kwa mtu mwingine ila mimi. Nakuomba sana, liishie humu