Aliyegonga Ndani ya Mnara

Mikocheni, Dar es Salaam

Mama, shikamoo. Goti lako limeamkaje huko Newala? Mie mzima, ila nimeandika badala ya kupiga simu, maana ukiisikia sauti yangu hutalala.

Si unajua mie ndiye naendesha pampu hapa kiwanda cha barafu? Juu ya paa tuna mnara wa kupoozea. Ndani yake mirija ya shaba imejikunja mafungu kwa mafungu, maji yanainyeshea, na feni kubwa ubavuni inaipuliza. Maji yetu ya kisima yana chumvi, inagandaga kwenye mirija, basi tunazima mitambo na fundi Mbwana anaingia kuikwangua. Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kazi.

Jumanne aliingia asubuhi. Saa saba mchana msimamizi akaniambia, "Somoe, washa. Barafu inayeyuka."

"Na mzee Mbwana?"

"Katoka. Mlinzi kamwona akipita getini."

Nikashika swichi. Hapo hapo bomba lililo kando yangu, linaloshuka kutoka mnarani, likagongwa. Mara tatu, kimya, mara mbili.

"Hewa tu hiyo," akasema.

Mama, mitambo ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Hewa ya kutoka wapi? Likagongwa tena, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya msiba. Nikang'oa fyuzi, nikaitia mfukoni, nikapanda ngazi huku msimamizi akinifokea kwamba kazi sina.

Mzee alikuwa kifudifudi kati ya mirija, damu imeshamkauka kichwani, mkono mmoja umelala juu ya panga la feni. Nikapiga ukelele, watu wakaja, tukamshusha.

Siku ya tatu akafumbua macho hospitalini. Nikamshukuru kwa kugonga. Akatikisa kichwa.

"Mwanangu, mie niliteleza nilipoingia tu. Sikugonga kitu."

Mlinzi naye anaapa alimwamkia getini, mzee akapita bila kuitikia.

Kazini nipo bado. Msimamizi hanitazami usoni. Mzee anakunywa uji na kulalamikia sukari.

Nisalimie dada mkubwa na wanawe, shangazi mfinyanzi, na mjomba mchonga vinyago. Mwambie kinyago chake nimekigeuzia ukutani kwa sasa, asinielewe vibaya.

Na wewe mama, uliyeosha maiti wa kijiji chetu miaka yote, nijibu bila kunificha: mtu akiwa bado hajafa, roho yake inaweza kutangulia kutoka? Mzee mwenyewe naogopa kumuuliza.

Mwanao anayekuwaza,
Somoe