Jezi ya Fainali Imefuliwa

Wifi Dorcus,

Maharagwe yamo kwenye friji, yapasheni moto tu. Fundi wa AC akija, mwambie asigonge mlango kama yeye ndiye kafeel wetu, mdhamini wa viza zetu.

Sasa, jezi yangu. Asubuhi naamka niivae ndani ya sare ya ulinzi kama kawaida, naikuta kwenye balkoni inachuruzika maji, inanukia maua! Dorcus, timu ikiwa inashinda jezi haifuliwi. Shabiki yeyote wa besiboli atakwambia. Tangu timu yetu ya Nge ianze kushinda sijaitia majini, na leo ni fainali. Mumeo alijua. Huyo kaka yangu Fanuel alikuacha ufue huku anacheka kimoyomoyo.

~~Usiguse tena nguo zangu.~~ Najua ulinihurumia, uliniona nimerudi kazini hoi. Na kusema kweli, ilikuwa inanuka. Asante.

Nimeivaa hivyo hivyo mbichi. Kabla basi la Jebel Ali halijafika, jua litakuwa limeikausha. Nikitoka kazini naenda moja kwa moja uwanjani. Nyinyi washeni TV saa moja, na Fanuel asishike rimoti. Mpira wake wa miguu utamngoja.

Tunashinda, wala sina wasiwasi. Ila ujue: tukishinda na jezi iliyofuliwa, basi utaifua wewe kabla ya kila mechi, kwa sabuni ile ile, mpaka mkataba wangu wa kazi uishe.

Na juzi tu nimeuongeza.

Wifi yako,
Agneta