Picha ya Mama Epifania Juu ya Habari ya Mchanga

Mama mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, mimi ni Nestory, mwalimu wa sekondari hapa Sumbawanga, na sijui hata nianzie wapi, maana tangu mwaka jana naandika blogu ya habari za Ufipa, ila picha ndizo zilikuwa zinanishinda, nikawa nachukua tu za kwenye mtandao, mpaka siku nilipoandika habari ya mavuno nikaweka shamba la mahindi lenye trekta kubwa jekundu, wasomaji wakanicheka, wakauliza hiyo ni Ufipa ya nchi gani, nikaona aibu, nikanunua kamera ndogo ya dijitali nipige zangu mwenyewe.

Basi sokoni kuna mjane anauza ulezi, Mama Epifania, nikamwomba nimpige picha, akacheka, akasema, "Ngoja kwanza nifunge kilemba vizuri," ikatoka picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na wiki mbili baadaye nikaandika habari ya wauzaji wanaochanganya mchanga kwenye ulezi, sikuwa na picha nyingine ya ulezi, nikaweka ile, jina lake sikulitaja, lakini mtu akaichapa pale intaneti kafe pamoja na habari yake, akaibandika kwenye nguzo ya sokoni, na wateja wakaanza kumpita, hata wapika pombe ya ulezi waliomzoea miaka yote.

Alikuja mpaka nyumbani. Hakugomba, aliuliza tu, "Mwalimu, mimi nimechanganya mchanga lini?"

Picha nimeifuta, lakini blogu nyingine imeshaichukua. Rafiki yangu Yonas anasema nirudie picha za Wazungu za kwenye mtandao, hao hawatakuja kugonga mlango wangu, mke wangu Rahel anasema niache kublogu kabisa, kaka yangu anasema nikiomba radhi nimekiri kosa na nitashtakiwa. Mama mshauri, aliniruhusu, na nilichoandika ni kweli, sasa kosa langu ni lipi hasa?

*

Marahaba, Mwalimu. Nakuonea huruma, kwa sababu naona hukukusudia ubaya. Lakini acha kujificha nyuma ya jina ambalo hukulitaja. Soko zima linamjua yule mama kwa sura, jina lingeongeza nini? Alikuruhusu kumpiga picha akiuza ulezi wake. Hakukuruhusu kumweka juu ya habari ya wezi. Kosa lako ndilo hilo, na wewe unayesahihisha insha za watoto ulipaswa kuliona.

Kaka yako anaogopa mahakama, wewe mwogope yule mama anayerudi nyumbani na ulezi uleule. Nenda kwake kesho, wewe na mkeo, umwombe radhi bila "lakini". Kisha andika tangazo kwenye blogu yako, palepale juu, kwamba Mama Epifania hahusiki na mchanga wowote na kosa ni lako. Lichape, ulibandike kwenye nguzo ileile, umwombe mwenyekiti wa soko alisome kwa sauti wakati watu wamejaa. Wale wa blogu nyingine waandikie leo waitoe ile picha.

Yonas usimsikilize, hata picha ya Mzungu ina mwenyewe. Kublogu usiache. Habari ikiwa ya mchanga, piga picha ya mchanga: umwage kwenye ungo, usogeze kamera karibu. Na ukitaka sura ya mtu, msomee kwanza ulichoandika, kisha ndipo umwulize.

Halafu nunua ulezi kwake, mchana, watu wakikuona. Uchukue kiganjani, utafune.