Kaka, Wanataka Gari Lako Linyamaze

Kaka yangu,

"Mtu mzima anayeongeza sauti ya ekzosi ana shida moja tu: anatafuta kuangaliwa." Hayo ameyaandika mwenyekiti wa kamati ya ploti yetu hapa Kimbo, kwenye grupu ya wapangaji, na wengi wakamwekea vidole gumba. Hakutaja jina, wala hakuhitaji. Gari linalonguruma namna ile na kulala ndani ya geti hili ni moja tu, nalo ni lako.

Nimesoma hoja nyingi dhaifu maishani na hii ni ya uvivu, maana inadai kujua nia ya mtu bila kumuuliza. Anayetaka kuangaliwa hupaka gari rangi. Lako limebabuka hadi mlango wa kushoto umebaki bati tupu. Na kama kelele ndiyo dhambi, mbona kipaza sauti cha kanisa lililo ng'ambo ya barabara, ambako mwenyekiti ni shemasi, hakijawahi kuandikiwa hata mstari? Mlio ule haukuwekwa kwa ajili ya macho ya mtu. Uliwekwa kwa ajili ya masikio ya mtu mmoja, na mtu huyo haishi Kimbo.

Unakumbuka mlio huo ulivyoanza. Mama alikuwa ameanza kupoteza masikio. Simu ililia mfukoni mwake naye akaendelea kupalilia. Jumamosi ile tulifika kwake Gatuanyaga tukamkuta katikati ya mahindi, ametupa mgongo. Ulimwita, ukamwita tena, kisha ukamgusa bega. Alishtuka akaanguka, akateguka mkono. Wakati wa kurudi, tulipofika Makongeni, ulitoa uamuzi.

"Hii gari lazima isikike," ukasema.

Fundi wetu wa jua kali, pale nyuma ya Eneo la Viwanda Thika, aliona ni kazi ya dakika. Alitoboa sailensa matundu, akawasha injini, akasimama kando kama bwana harusi. Ilitoka sauti ya debe lenye kokoto, na moshi ukapenya sakafu ya gari tukaanza kukohoa.

"Si kelele iko?" akauliza.

"Kelele iko, lakini hii ni kuvuja. Mathe atadhani ni posho mill imetoroka."

"Sasa unataka ikae aje, boss?"

"Kama mzee mnene akikohoa akiwa mbali."

Fundi alicheka, lakini wewe hukuwa na mzaha. Mlilala wote wawili chini ya gari. Mliondoa sailensa ya nyuma, mkaunga bomba pana zaidi lililotokea nyuma ya gurudumu, mkaacha lile kopo dogo la katikati ili mlio usipasuke, mkaziba kila kiungo. Ulikuwa umegundua jambo ambalo mimi, na vitabu vyangu vyote, sikuwa nimeliona: sauti nyembamba ndizo zilizomtoka mama kwanza, ndege, simu, watoto wa jirani. Sauti nzito zilikuwa bado zinamfikia. Injini kuukuu ya dizeli ilikuwa na sauti hiyo tumboni. Ilitaka kufunguliwa njia tu.

Jumamosi iliyofuata tulimkuta amesimama getini, anafuta mikono kwenye leso.

"Nimewasikia mkiwa kwa mteremko," alikwambia. "Baba, hii gari yako imeota kifua." Alikuita Baba siku zote, kwa kuwa ulirithi jina la babu, nami bintiye akaniita mami.

"Imekunywa uji, maitu," ukamjibu mama.

Kuanzia hapo chai ilikuwa jikoni kabla hatujazima injini.

Ulipotuacha, gari lilikaa chini ya turubai mvua yote ya masika. Nilipolitoa, bomba lilikuwa limeliwa na kutu, na fundi akaniuliza kama arudishe lile pana. Nikamwambia aweke sailensa kamili. Niliogopa. Nilimwona akilini mama akisikia ule mlio, akitoka haraka kwenda getini, akingoja wewe ushuke.

Kwa hiyo nikawa nafika kimya. Nilimkuta amekaa uani anachambua maharagwe, mgongo ukielekea njiani, nami nikizunguka nyumba nzima ili nimtokee kwa mbele asishtuke. Siku moja aliacha maharagwe akanitazama.

"Kwani gari ya Baba iliuzwa?"

"Hapana, maitu. Ndiyo ile pale."

"Na mbona siisikii?"

Nilimweleza sababu, nikipaza sauti sikioni mwake, jambo gumu sana kulipazia sauti.

"Najua amekufa," akasema. "Si mimi nilirusha mchanga kaburini? Lakini wewe hujakufa, mami, na siku hizi unakuja kama mwizi. Nitamngoja vipi mtu simsikii?"

Jioni hiyo nilipitia kwa fundi. Hata hakuuliza. Alitoa bomba pana kwenye pembe ya banda, akaliunga jinsi mlivyoliunga ninyi. Sasa mama husimama getini tena, akiningoja mimi. Hutazama mlango wa dereva kwanza, kitambo kidogo tu, kisha hunitazama mimi.

Njiani ni vigumu zaidi, kaka. Hakuna wa kuniambia nipunguze gia mapema, kama ulivyofanya uliponifunza kuendesha. Ninabishana na redio. Mlio unanisaidia kidogo mpaka nifike Kimbo, nizime, nikae ndani ya gari nikisikia vyuma vikipoa. Majirani hupita na mifuko yao ya sukuma wiki. Wananiona. Tangu tukuzike, mlango wangu umegongwa na anayesoma mita ya maji tu.

Kamati imenipa hadi mwisho wa mwezi: ninyamazishe gari au nilitoe kwenye ploti. Nikilitoa sina pa kuliweka, na nikilinyamazisha mama atarudi kunipa mgongo. Fundi anasema ipo njia ya tatu. Anaweza kurudisha sailensa na kuunga kando yake tundu lenye kifuniko cha bolti, nikifunge nikiwa Kimbo, nikivuka Makongeni nishuke na spana nikifungue. Ni kazi ya alasiri moja. Ningekubali siku hiyo hiyo kama mtu mmoja angekuja kuniuliza. Hakuja mtu. Ilikuja amri, kwenye simu.

Pumzika, kaka. Jumamosi nakwenda, na nitapunguza gia mapema.

Ni mimi, dada yako.

Na sasa ninyi mnaosoma barua hii kwenye grupu. Mwenyekiti, nawe wa nyumba ya juu mwenye mtoto mchanga, na wote mlioweka vidole gumba: wekeni simu chini. Shukeni ngazi, mgonge mlango wangu, mniambie kwa mdomo mtoto analala saa ngapi na ni saa ngapi gari linamwamsha. Kaeni, mniulize ninakwenda wapi kila Jumamosi. Kifuniko nitakiweka. Lakini sitakiweka kwa sababu ya ujumbe. Njoni mgonge.