Udongo Unaokimbiwa na Mchwa

Jumapili, Somanda. Mchana. Wingu zito limekaa upande wa Maswa tangu saa nne asubuhi, halinyeshi wala haliondoki. Vitabu vyangu vyote viko barazani. Nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua, naandika hii kwenye simu.

Majirani wanaopita wananiuliza kama nahama. Kijana wa bodaboda amesimama, akaangalia lundo lote, akauliza kama nauza kwa kilo.

Sihami. Chumba nilichotunzia vitabu hivi kina sumu ukutani. Sumu hiyo niliiomba mwenyewe, nikaletewa mifuko miwili, nikashukuru.

Wanaonisoma siku zote wananijua. Leo nimelitafuta neno "nilikosea" kwenye blogu hii yote. Nimekuta "walikosea", "mmekosea", na "alikosea" mara nyingi kupita kiasi. "Nilikosea" halimo.

Nilikosea.

Kijiji nilichozaliwa kiko upande wa Lalago. Pembeni mwake kuna ghala la zamani la dawa za pamba, lililoachwa tangu niko shule ya msingi. Mabati yaliezuliwa kitambo, milango imekuwa milango ya nyumba za watu, na madebe ya dawa yalioza yakavujia chini. Nyuma ya ghala kuna udongo wa kijivu, laini kama unga. Wanawake wa kijiji waligundua jambo: ukikandikia nyumba udongo ule, mchwa hawasogei.

Asiyekaa kwetu hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Mchwa anakula mlango, anakula boriti. Anapanda kwenye kihenge anatafuna fito kimyakimya mpaka siku unaposhangaa mahindi ya mwaka mzima yamemwagika chini na kuku wako harusini. Kwa hiyo udongo wa ghalani ukawa na heshima yake. Watu wakaanza kuufuata kutoka vijiji vya mbali.

Mwaka jana walikuja watu wa chuo kikuu. Walichota udongo kwenye vichupa, wakabandika namba, wakaomba kijiji kiwaruhusu kuzungushia uzio, na baadaye kuuchimba wote na kuuondoa. Aliyewaongoza ni mwanamke, Dokta Holo.

Nikaandika. Tena niliandika vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. "Udongo Wetu Si Shahada Yenu." Niliuliza ni wangapi wamekuja kabla yao, wakachukua damu ya ng'ombe wetu na maji ya visima vyetu, na ni nani alirudi na majibu. Swali hilo bado nalisimamia. Hata leo, nikiwa nimekaa juu ya ndoo, sioni haya kulirudia.

Lakini sikuishia hapo. Nilisema wanawake wetu wana maabara yao. Nilisema wamegundua kinga ya mchwa bila ruzuku wala semina hotelini, na hawa wageni wanataka kuubeba ujuzi huo, waupike, wautie kwenye makopo, kisha waje kutuuzia. Dokta Holo nilimpa jina: Bibi Vichupa. Baadaye nimejua kwamba huyo "mgeni" ni mtoto wa wachuuzi wa samaki wa Lamadi, Msukuma kuliko mimi. Sikujua kwa sababu sikuuliza.

Andiko lile lilitembea kwenye makundi ya WhatsApp mpaka Lagangabilili. Kwenye mkutano wa kijiji lilisomwa mstari kwa mstari, vigelegele vikapigwa. Watafiti wakafukuzwa kwa adabu zetu: walinyweshwa chai kwanza.

Aliyepiga vigelegele vya kwanza ni mdogo wangu Minza. Wiki hiyohiyo akakikandika kihenge chake upya, ndani na nje. Mimi akanitumia mifuko miwili kwa basi, maana mchwa walikuwa wameshaonja rafu zangu.

Nimesoma sana. Nasema hivi bila kujisifu, ushahidi umelala barazani hapa. Lakini katika kurasa zote hizo sikupata swali ambalo mtoto wa darasa la nne angeuliza: kwa nini mchwa anaukimbia udongo huu?

Wiki tatu zilizopita Dokta Holo alibisha hodi hapa kwangu. Alikuja peke yake, ana bahasha mkononi. Kule kijijini walimwambia wazi kwamba hawatamsikiliza mpaka mimi niseme. Nilimkaribisha chumba cha vitabu, kwa makusudi, ili aone anashindana na nani.

Hakutazama vitabu. Alitazama kuta, akasogeza pua, akanusa.

"Mwalimu," akasema, "buibui wako wako wapi?"

Nilicheka. Nikamwambia kwa fahari kwamba humu haingii buibui, wala mende. Hata mjusi hajaonekana tangu nikandike.

Nilijisikia nikiyasema maneno hayo. Kisha nikageuka kuzitazama kuta.

Alinifungulia bahasha ya majibu ya vipimo, akanieleza taratibu kama anayemweleza mgonjwa. Ni dawa ya pamba ya zamani, ya aina iliyokwisha kupigwa marufuku, na haiozi haraka; inakaa udongoni miaka na miaka. Haimwangushi mtu leo. Inaingia kidogo kidogo mwilini na kujikusanya. Akaniuliza ni nani mwingine ninayemfahamu aliyeutumia.

"Mdogo wangu," nikasema. "Kwenye kihenge."

Aliandika tu.

Jana tu ndipo nilipokubali, tukaenda wote kijijini. Mwenyekiti aliita mkutano, tukasalimiana mwangaluka kwa mwangaluka, nikasimama. Nikawaambia kwamba udongo ule una sumu, kwamba niliwapoteza, na kwamba watafiti waachwe wapime vihenge vyote bila kuchelewa.

Mzee mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti: "Na wewe wamekupa shahada?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Ningekuwa mimi nimekaa kule nyuma, ningesema hivyohivyo.

Kisha Minza akasimama. Hakucheka. Alitoa simu yake akanisomea andiko langu mwenyewe, pale kwenye maabara ya wanawake, kwa sauti ileile ya kujiamini ambayo mimi huitumia. Alilisoma bila kukwama hata mahali pamoja, nikajua amelirudia mara nyingi.

"Kaka," akasema, "haya ni ya kwako au si ya kwako?"

"Ni yangu."

"Ulisema atakayekuja kutuambia tuubomoe ukuta wetu tumwulize kwanza kama wake ameubomoa. Sasa nakuuliza. Chumba chako umekibomoa?"

Wiki tatu, jamani. Wiki tatu nilikuwa najua, na bado nililala chumba cha pili nikijiambia kwamba nikivitoa vitabu nje vitalowa.

"Bado," nikasema.

"Basi anza wewe. Mimi nina watoto wanne na kihenge kimoja."

Mkutano ukavunjika bila uamuzi. Dokta Holo alimfuata Minza nje, akamsihi angalau mahindi ya mle yasipikwe mpaka yapimwe. Mimi nikashusha gunia la unga wa sembe nililokuwa nimekwenda nalo, nikaliweka mlangoni kwa Minza. Alilitazama kama unavyotazama ng'ombe wa jirani aliyeingia shambani kwako. Hakusema asante wala ondoa. Njia nzima ya kurudi sikujua kama ataligusa, na kila saa ya chakula ilipofika niliwaona akilini watoto wale wanne wamezunguka sinia.

Ndiyo maana leo nimebeba vitabu tangu alfajiri.

Ukuta wenyewe sijaugusa. Dokta amenionya nisikwangue ukiwa mkavu, maana vumbi lake ndilo baya. Kesho asubuhi vijana wake watakuja na barakoa, ndoo za maji na mapipa yenye mifuniko. Wataulowesha, wautoe, waufungie. Nimemwomba waje pia na kamera. Picha ya kila kipande kitakachoanguka nitamtumia Minza.

Andiko la mwaka jana sitalifuta. Kulifuta ni kujificha. Nimeliwekea hili juu yake, ili atakayelifuata lile akutane kwanza na hili. Lakini wale waliobeba udongo kwa mifuko kwenda Lagangabilili, na kwingine nisikokujua, sina namba zao. Nilijua namna ya kuwafikia walipokuwa watu wa kunishangilia. Kama ni wewe, tafadhali, usikikwangue kihenge chako. Niandikie hapa chini, nitakuja na watu wa vipimo.

Nilikuwa nimefika hapa simu ikalia. Minza.

Hakunisalimu. Aliuliza, "Vimetoka vyote?"

"Vyote. Viko barazani."

"Na mvua?"

"Inanukia."

Nyuma yake niliwasikia watoto wakigombania mwiko, na mmoja akilalamika kwamba ugali wa leo ni mweupe mno, si kama wa siku zote.

"Funika vitabu vyako, kaka," akasema, akakata.

Tone la kwanza limeanguka kwenye kioo cha simu. Turubai ninalo moja tu, na halitoshi. Vitakavyolowa, vilowe.