Saa ya Pili ya Mwalimu Mniko

Susuni, Tarime
4 Mei 2025

Binti yangu Kezia,

Habari za Osaka? Na wale wazee unaowaogesha na kuwalisha, wanaendeleaje? Mimi mzima, ila goti linanisumbua mvua ikikaribia. Ng'ombe wote wapo, na yule mwenye baka amezaa dume.

Kompyuta uliyoniachia imegoma. Leo ni Jumapili ya tatu sijaiona sura yako. Nikifungua pale pa kuonana inakataa, eti saa yangu iko nyuma. Nyuma wapi, na niliipanga mwenyewe! Redio inatangaza saa moja asubuhi, yenyewe inaandika 7. Nikasema haiwezekani, chombo kikae nyumbani kwangu kiseme saa za watu. Nikaiwekea 1.

Barua hii Felista wa dukani ataipiga picha akutumie. Kuongea kwa simu yake sitaki, dukani kuna masikio. Na nina neno la kukuambia kabla hujasaini huo mkataba wa miaka mitatu mingine.

Baba yako,
Tata


Osaka
6 Mei 2025

Shikamoo Tata,

Pole na goti. Mimi mzima, na wazee wangu hawajambo. Nimecheka mpaka bibi ninayemlisha akaniuliza kulikoni. Tata jamani, kompyuta haijui saa za Kiswahili! Saa moja yetu kwake ni 7, ndivyo ilivyozaliwa.

Ile alama ya gurudumu iache, walihamisha mambo utapotea. Ukurasa wa mipangilio wa zamani bado upo, wameuficha tu. Bonyeza kitufe chenye dirisha, usikiachie, bonyeza na R. Kitatokea kisanduku. Andika control, kisha Enter. Juu kulia chagua alama ndogondogo, halafu tafuta Date and Time. Irudishie 7 yake.

Ukiwa hapohapo gusa Additional Clocks, weka alama ya vema, chagua mstari wenye jina la Osaka. Utapata saa ya pili, ya kwangu.

Mkataba wanautaka tarehe 31. Ukisema nisaini, nasaini. Neno gani hilo, Tata?

Mwanao,
Kezia


Susuni
11 Mei 2025

Kezia mwanangu,

Salamu nyingi. Goti limepoa. Kisanduku nimekiona, ila kila nikiandika neno lako kinaniambia hakilijui. Felista alikuja kuchukua barua akachungulia, akasema, "Mwalimu, hiyo nukta mwishoni ya nini?" Miaka thelathini na moja nimewachapa watoto kwa kusahau nukta, leo nukta inanichapa mimi.

Lile neno si kitu. Saini tu, mama. Mimi niko sawa kabisa.

Tata


Susuni
25 Mei 2025

Kezia mwanangu,

Wiki mbili kimya. Unaumwa? Wamekuongezea zamu? Ukurasa wa zamani nimeufungua, saa nimeirudisha, na mtandao umekubali. Leo nimekupigia mara nne, simu inaita tu.

Basi nimekaa hapo nikiziangalia zile saa mbili. Asubuhi, redio inasema saa moja, ya kwangu ikaandika 7. Ya Osaka ikaandika 1. Nikadhani nimekosea. Nikaenda kukamua, nikarudi saa mbili, ya Osaka ikaandika 2. Saa tatu, 3. Kumbe mwanangu, saa ya ukutani kwako huko inasoma saa za kwetu, kila siku. Ile niliyoiweka kwa ukaidi wangu, ikanifungia mlango, ndiyo saa yako.

Nimelia, Kezia. Mzee mzima, mbele ya kompyuta.

Nilikudanganya. Siko sawa. Tangu tumzike mama yako Eunice bila wewe kuwepo, napika ugali wa watu wawili, nusu wanakula mbwa. Unawalisha baba za watu, nami nakula peke yangu. Neno lenyewe ni hili: nimekukumbuka, nataka urudi. Kama umeshasaini, sina kinyongo. Nitaendelea kuitazama saa yako.

Tata yako,
Mniko


Osaka
31 Mei 2025

Shikamoo Tata,

Siumwi. Sikupokea kwa sababu nilijua utaniambia tena uko sawa, na mimi ningeamini. Niliposoma "saini tu" nilichukua kalamu. Nikaandika K, kalamu nikaiweka chini. Siku zote hizo ile K imekaa peke yake kwenye karatasi.

Na ile saa ya ukutani, Tata, mimi niliijua tangu wiki ya kwanza. Ikifika 1 najua unafungua zizi. Sikukuambia, niliona nitakuumiza bure.

Leo karatasi nimeirudisha ikiwa na K yake tu. Natua Mwanza tarehe 21 Juni, saa nne asubuhi, saa za kwetu. Ugali pika uleule wa wawili.

Sasa kaa kwenye kompyuta unisikilize. Dirisha na R. Andika control, bila nukta. Date and Time. Additional Clocks. Ile vema uliyoweka, itoe.

Mwanao,
Kezia