Gari Langu Haliuzwi, na Leo Limesimama Sawa

Jumamosi, Stafford, pembeni mwa Houston. Joto limeanza mapema, lile la huku linalokubandika nguo mgongoni kabla hujafanya lolote. Nina hasira, na wala sioni haya kuwa nayo.

Juzi nilimsikia mume wangu sebuleni akiongea kwa simu, anamwambia mtu aje aone gari. Gari langu. "Kwa hali yake sasa," akasema, "ataliendesha lini?"

Hali yangu ni hii. Mwaka jana nilikatwa titi la kushoto. Nikachomwa dawa, nywele zikaanguka, sasa zimeota tena na zimekuja na mawimbi ambayo sikuwa nayo. Mkono wa kushoto unachoka upesi, na ukizidishiwa kazi unavimba.

Basi. Mengine yote yapo.

Gari ni la zamani, la Kimarekani, milango miwili na injini ya kutikisa vioo vya majirani. Nililinunua kabla sijaugua, baada ya miaka mingi ya kusimama duka la dawa nikihesabu vidonge vya wengine. Watanzania wenzangu walicheka sana: mama mtu mzima wa Tanga na gari la wahuni! Niliwaacha wacheke.

Mbele halina springi za kuviringika kama magari mengi. Lina vyuma viwili virefu vinavyojisokota chini ya sakafu, kimoja kila upande, na kila kimoja kina boliti yake. Ukikaza, pua inapanda. Ukilegeza, inashuka. Nilikuwa nimebadilisha vyuma vyote viwili, bado kurekebisha kimo tu, majibu ya hospitali yakaja. Toka hapo limekaa gereji, upande wa kushoto umelala, kama mtu anayeegemea mguu mbovu. Kila nikienda kuchomwa dawa nilipita ubavuni mwake.

Leo Bwana Shirima, rafiki wa mume wangu, alikuwa anakuja kutoka mji wa Katy kuliona. Nikanywa chai, nikavaa suruali ya kazi, nikaenda gereji.

Nilinyanyua pua kwa jeki, nikaweka stendi pande zote mbili, nikalitikisa kuhakikisha, nikaingia chini yake. Magurudumu yakining'inia, vyuma havibebi uzito, boliti inazunguka. Ndivyo inavyotakiwa. Ya kushoto ilikuwa imeshika kutu. Niliivuta kwa mkono wa kulia, nikasaidia na wa kushoto, ikagoma.

"Mama Nasra, unafanya nini huko chini?" Nikaona kandambili za mume wangu tu.

"Nanyanyua gari."

"Daktari alisema no heavy lifting."

"Jeki ndiyo inayonyanyua, Baba Nasra. Mimi nakaza boliti."

"Toka basi, nikusaidie."

"Hujui hii kazi."

"Nielekeze."

"Siku nyingine. Leo niache."

Aliondoka. Nikalia, hapohapo chini, machozi yakiingia masikioni.

Kisha nikatafuta bomba.

Nililichomeka kwenye mpini wa spana ili upate urefu, nikapulizia mafuta ya kutu, nikasubiri, nikavuta. Boliti ikalia kama mlango mkuukuu, ikazunguka. Sijui nilisema nini, lakini nilisema kwa sauti.

Nikashusha gari, nikalibonyeza puani likadunda, nikalisukuma mbele na nyuma kidogo likae, nikapima kutoka sakafuni. Bado lilikuwa chini. Nikanyanyua tena, nikakaza tena. Nilirudia mpaka kushoto na kulia pakalingana, nikakaa juu ya ndoo kulitazama.

Bwana Shirima alifika nikiwa na grisi mpaka kwenye nyusi. Akalizunguka gari, mikono mifukoni.

"Nimeambiwa linalala upande."

"Lilikuwa linalala."

"Na mnaliuza kwa..."

"Haliuzwi, shemeji. Karibu chai."

Akamwangalia mume wangu. Mume wangu akaangalia sakafu. Shirima, mtu muungwana, alikunywa chai, akalalamikia foleni za barabara kuu, akaaga.

Jikoni tukabaki wawili. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nina maneno yangu yamepangwa. Akasema, "Kila nikiliona pale nilikuwa naona kama linakusubiri, na wewe hurudi. Nilishindwa kulitazama."

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje?"

Kuogopa kwake nimemsamehe. Kumwita Shirima kabla ya kuniuliza mimi, bado. Nimemwambia hivyo hivyo, na amekubali kwa kichwa.

Jioni nikawasha. Nikamwambia apande. Tukazunguka mtaa, taratibu kwanza, halafu si taratibu.

"Linavuta kulia," akasema, ameshika mlango kwa mikono miwili.

"Najua. Ukigusa kimo, unavuruga mwelekeo wa magurudumu. Jumatatu nalipeleka kwa fundi akalinyooshe."

"Nitakupeleka."

"Nitaliendesha mwenyewe. Wewe utakaa hapo hapo."

Akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho tulicheka ndani ya gari. Mwaka mzima gari kwetu lilikuwa njia ya kwenda kliniki.

Sasa naandika kwa mkono mmoja, mwingine nimeuinua juu ya mto. Kesho utavimba, najua. Acha uvimbe. Safari hii utavimba kwa kazi niliyoichagua mimi.